Pole ya Asubuhi

Kila alfajiri kompyuta ya mji iliigiza siku nzima ya makutano yote ya barabara, pamoja na magari yote na watu wote kwa majina yao. Palipotokea ajali kwenye maigizo, taa za pale zilipangwa upya, na jioni kila mtu alirudi nyumbani mzima. Sheria ilidai jambo moja tu: aliyegonga kwenye maigizo akampe pole aliyegongwa kabla hajawasha gari.

Sefu, dereva wa lori la mchanga, alishazoea. Alipiga hodi kwa watu, akaacha nusu kilo ya sukari, wakacheka. Leo simu ilimwonyesha jina la mkewe, Mwanahawa.

Alimkuta jikoni anageuza vitumbua.

"Mama Tatu, pole. Nimekugonga saa mbili, pale sokoni."

Mwanahawa akacheka. "Makubwa! Na sukari yangu iko wapi?"

"Si iko kabatini?"

"Haya. Ulishika breki lakini?"

Angeweza kudanganya, ila mkewe naye alitumiwa taarifa ileile. "Imeandika sikushika."

"Hukuniona?"

"Imeandika nilikuona." Sefu akakohoa. "Mashine tu hiyo."

"Mashine imejifunza kwako, Baba Tatu. Miaka sita inakutazama."

Taa za sokoni zilikuwa zimeshapangwa upya, na wote wawili walijua leo hakuna atakayeumia. Mwanahawa akaepua karai, akajifunga kanga. Siku zote walitoka pamoja.

"Tangulia wewe," alisema, ameshika mlango. "Mimi nitatoka nikisikia lori limefika mbali."