Kikapu cha Wangui

Usigeuze uso. Wewe pia kikapu cha mchango kilikupitia ukainama, ukajidai unafunga kamba za viatu. Basi msikie mwenzako Waithaka.

Yeye viatu hata hakuvivaa. Alivibeba begani. Kila Jumapili alikwenda kanisani kutoka laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano huko Mau Narok, miguu mitupu juu ya sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ili soli zisiishe.

"Waithaka!" walimchokoza. "Leo si ni zamu ya viatu kukubeba wewe?"

"Chekeni tu. Nikifika arobaini mzungu atanitafuta asinione. Nitakuwa kwangu, kwenye kiti, nakunywa chai. Ninyi mtakuwa bado mmeinama kwenye ngano yake."

Miaka tisa alikula ugali kwa chumvi. Mke hakuoa, mke hula. Posta hakuiamini. Kila shilingi aliishonea ndani ya koti lake kuukuu, na koti hilo halikumtoka mwilini hata akilala.

Mwaka wa hamsini na tatu, wapiganaji wakiwa msituni wakipigana na serikali ya Wazungu, mtoto wa Wangui, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alishikwa na kifua. Ilihitajika nauli ya lori hadi hospitali, Nakuru. Wangui akapitisha kikapu. Wenye senti wakatia senti, wasio nazo wakatia mayai. Waithaka akalibana koti.

"Mama, kwani hujui? Kuchanga ni kosa siku hizi. Serikali itasema ni pesa za watu wa msituni."

Bahili hakosi sheria ya kujifichia. Nauli haikutimia. Mtoto alizikwa Alhamisi.

Miezi miwili baadaye, zikiwa zimebaki siku tatu Waithaka aache kazi, askari walizingira laini. Walimkuta amekwisha kufunga mzigo, koti limemlemea kama gunia. Afisa akalipasua kwa kisu. Shilingi zikamwagika matopeni.

"Kibarua apate wapi pesa hizi? Nani wamekuchangia? Unampelekea nani msituni?"

"Ni akiba yangu, bwana! Mimi mchango siujui, sijatoa wala kuomba hata senti!" Macho yake yakamwangukia Wangui, na kwa mara ya kwanza maishani akafurahi kumwona. "Muulize mama huyu! Yeye anajua kuliko wote."

Kizuizini au kwenye kiti chake cha chai: njia zote mbili zilipita mdomoni mwa mwanamke huyo.

Wangui akalitazama koti. Akaweka kikapu chake chini.

"Namjua sana, bwana. Kila mwisho wa mwezi alitupitia akiomba mchango. Sisi tukamkatalia. Tukamwambia, kwani hujui? Kuchanga ni kosa siku hizi."

Lori likaondoka naye. Viatu vilibaki mlangoni, soli mpya kabisa.

Haya, wewe. Kamba zimekwisha kufungwa. Inuka, kikapu kiko mbele yako. Toa sasa.