Jiwe la Mize

Haya kanisimulia wifi yangu Siwema juzi, tukichambua mchele wa arusi.

Bi Hidaya aligonga kokoto za kuuza, nyundo na jiwe, nyundo na jiwe, mpaka akili ikachoka kuliko mkono. Basi kila jiwe akalipa jina la mtu aliyemuudhi, kisha akalipasua. Alasiri moja maadui wakamwishia, likabaki jiwe moja kubwa.

“Na hilo kubwa nani?” akauliza jirani yake, Tatu.

“Mize, mdogo wangu. Kaolewa na aliyekuwa mume wangu.”

“Mpasue basi, shoga, tucheke.”

Nyundo ikabaki juu. Akaiweka chini, akaenda kubisha hodi kwa Mize.

Mize alimtandikia mkeka, akainjika chungu. Usingizi ukamchukua Hidaya kabla chungu hakijachemka. Mize akakaa akimpepea, mpaka naye akalala, upepeo mkononi.