Dawa ya Meno ya Bi Povu

Mtoto wa ishirini na tisa alipanua kinywa, Bi Povu akafumba macho.

"Mama, fumbua," daktari wa meno alisema bila kugeuka. "Hapa hang'olewi mtu."

Bi Povu alifumbua jicho moja. Miaka kumi na tisa alikuwa mpika sabuni, na jina lilimganda huko huko. Kisha akaacha sabuni ipoe sufuriani, akaanza kusaga majani na magome atengeneze dawa ya meno ya watoto, ya kukaza lile gamba gumu la juu ya jino. Mwanawe alimsihi arudi kwenye sabuni kabla watu hawajamcheka. Walikuwa wameshamcheka. Wapo waliomshauri atie sukari kidogo na mnanaa. Alikataa katakata, dawa tamu, alisema, ni ya kuwadanganyia wajinga.

Miezi sita nyuma daktari alimpa nafasi moja, wala asiombe ya pili: darasa moja la chekechea, watoto thelathini, kopo moja kila mtoto, naye mwenyewe asikanyage hapo mpaka muda uishe. Siku ile daktari alikuta madoa meupe, yale ya jino linaloanza kulainika, katika vinywa kumi na saba. Leo akikuta yamezidi, Bi Povu afunge karakana. Yakipungua, atatia sahihi barua ya kuiruhusu dawa iende shule nyingine.

Daktari aligusa jino, akaandika. Akagusa jingine, akaandika. Uso wake haukusema kitu. Ungedhani anahesabu misumari.

"Hawa wanapiga mswaki kila siku?" alimuuliza mwalimu.

"Kila siku, wakishakula. Makopo nayaweka mezani, kila mtoto anayaona."

"Hawasumbui?"

"Nani, hawa?" Mwalimu aliwatazama watoto. Walikaa kimya, mikono magotini. "Zamani ndiyo walikuwa wananisumbua."

Mtoto wa thelathini, binti mdogo aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, alipita mbele ya Bi Povu, aliyekuwa ameshika ndoo mpya ya dawa. Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Bi Povu aliona ni adabu, akampenda.

Daktari alivua glavu. Madoa mapya hakuna hata moja, alisema. Ya zamani yamefifia katika vinywa kumi na viwili, na vitano vilivyobaki havijaharibika zaidi. Alirudia kuisoma karatasi yake, mara mbili.

"Mama, nilikuja na barua ya kukukatalia, nimeshaiandika," alisema. "Nitaichana."

Akaitia sahihi ile nyingine palepale, juu ya kitabu cha picha za wanyama.

Bi Povu alishukuru mara tatu. Akaona heri afanye kazi. Alimwomba mwalimu amletee makopo ayajaze upya, maana kwa miezi sita yatakuwa yamekwanguliwa mpaka chini.

Mwalimu alifungua kabati. Makopo thelathini yalisimama kwenye mstari, kila moja na utepe wake wa gundi, kama Bi Povu alivyouzungusha kwa mkono wake. Moja tu ndilo lililobanduliwa utepe.

"Mwenye hilo alionja siku ya kwanza, darasa zima likamwona anavyokunja uso," mwalimu alisema. "Tangu hapo, nikiona mtu na pipi, nagonga kifuniko tu."