Noti za Chini

Okestra ya mji wa jirani ilianza kupiga wimbo wa Sudi, na mtangazaji akautaja kwa jina la mtunzi mwingine.

Sudi aliutunga kwenye kompyuta. Kwenye vitufe vya chini kabisa vya kinanda aliweka noti zisizotoa sauti, za kuiamuru mashine lini fidla zipigwe kwa upinde na lini zidonolewe kwa vidole. Sasa mpiga besi alikuwa akizipiga zote kana kwamba ni sehemu ya wimbo, tena kwa nguvu.

"Sikia besi hiyo, bwana!" alisema Mbarouk, rafiki yake Sudi, aliyeketi kando yake ukumbini. "Wewe huiwezi."

"Hiyo si besi. Ni amri zangu kwa mashine. Na faili nilikupa wewe tu."

Watu walisimama kushangilia. Mbarouk alisimama nao, akapiga makofi bila kumgeukia Sudi.