Vijicho Vinavyoota Upya

"Soma tena pale wanapomukata," Muzee Sikuli alisema.

Kahindo aliuma meno. Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi.

"Papa, niko na kazi."

"Mara moja tu, mutoto yangu."

Akasoma. Yuko mnyama wa baharini anayeishi ameganda kwenye jiwe, kama kifuko laini chenye midomo miwili: mmoja wa kuvuta maji, mwingine wa kuyatoa. Mdomo wa kuvutia umezungukwa na vijicho vinane vya rangi ya chungwa. Wataalamu wanasema vinahisi mwanga. Ukiukata mdomo huo, unaota upya pamoja na vijicho vyake.

"Na akiwa muzee?"

"Akiwa muzee vinachelewa, ao havirudi kabisa."

Baba yake alicheka kidogo, akageukia dirisha.

Kahindo hakuona cha kuchekesha. Miaka miwili alikuwa anaandika juu ya mnyama ambaye hajawahi kumtia machoni. Goma ina ziwa, haina bahari. Profesa Bashige, msimamizi wa tasnifu yake, alikuwa amemrudishia michoro yake mara tatu. "Unachora picha ya picha," alimwambia. "Nenda ukamwone akiwa hai." Kisha akamtafutia nafasi ya mwaka mmoja katika maabara huko Tanga. Jibu lilitakiwa leo, kabla ya saa sita mchana.

Lakini angemwacha baba na nani? Mama alikuwa amefariki, na katika nyumba ile ya mtaa wa Ndosho walibaki wawili tu. Mwezi wa tatu muzee alipasuliwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alipofungua bandeji alichunguza, akachunguza tena, akakuna kichwa. "Macho ni safi. Tungoje kidogo." Wakangoja, miezi ikapita. Kila siku Kahindo aliuliza, na kila siku jibu lilikuwa moja: "Giza tu." Kila asubuhi alimshika mkono kumpitisha juu ya mawe ya volkano hadi chooni. Kila mlo alimwekea kijiko mkononi.

Simu ililia.

"Kahindo, wanangoja jina lako," alisema Bashige.

Alitaka kusema ndiyo. Alimtazama baba yake kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Papa haone, Profesa. Wampe mwingine."

Akakata simu. Akaikusanya michoro yote, akaikunja kwa hasira na kuitupa sakafuni.

"Usitupe kazi yako," baba alisema.

"Kazi gani, Papa? Imekwisha."

"Ni mimi nakuzuia?"

Kahindo angesema nini? Kwamba usiku analala akihesabu siku? Kwamba jana, alipomsikia akimwita kwa mara ya kumi, alijificha nyuma ya nyumba ili alie?

"Hapana, Papa. Naenda kuteka maji."

Alichukua bidoni, akatoka akiubamiza mlango. Kwenye bomba, wanawake walikuwa wamepanga vyombo vyao tangu alfajiri, na hata tone halikuwa limetoka. Alisimama juani nusu saa nzima. Mwisho akasonya, akarudi na bidoni tupu ikimgonga mguuni.

Mlango ulikuwa wazi. Baba yake alikuwa amesogeza kiti hadi kwenye mwanga. Juu ya magoti yake ulikuwa mfuko wa safari wa zamani wa mama, mkanda wake umekatika. Alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akainua sindano usawa wa pua, na kwa mara moja tu akaupitisha uzi kwenye tundu.

Bidoni ikamponyoka Kahindo.

"Tangu lini, Papa?"

Muzee hakuinua kichwa.

"Tangu Pasaka," alisema, akipiga fundo. "Mupigie profesa simu mbio, kabla wampe mwingine."