Haulizwi Sababu

Yule mama alikuwa amerudi tena. Karani wa masjala alikunja uso kama aliyelamba ndimu alipomwona kupitia dirisha la huduma, amekaa kwenye kile kiti kilichojificha nyuma ya mlango. Viti vilikuwa tele karibu na feni, lakini yeye kila akija alichagua hicho cha kujibanza.

"Bado, mama," alimwambia kabla hajaulizwa. "Nilishasema, nikilipata hilo jalada nitakujulisha."

"Nitasubiri, kaka yangu. Hata nyumbani kwenyewe hakukaliki."

Karani akageuza macho kwa hasira. Ukutani palikuwa na tangazo la ofisi: Kumbukumbu ni mali ya umma, mwombaji haulizwi jina wala sababu. Kama angeweza, angelibandua kwa meno. Tangu mahakama ya zamani ilipofungwa na majalada yake kumwagwa katika chumba hiki kama viazi, kitongoji kizima kiligeuka kuwa cha wapelelezi. Watu walikaa nyuma ya kuta ndefu na mageti ya chuma, jirani hamjui jirani, lakini akitokea mchumba, mpangaji au mgombea, mbio masjala kwenda kumfukua.

Na huyu mama alikuwa mfukuaji kwelikweli. Alitaka jalada la mwanamke mmoja aliyekuwa mtunza stoo wa zahanati, akafungwa miaka mingi nyuma kwa kuiba dawa. Mambo ya mwanamke huyo aliyajua kupita kiasi: mwezi wa kesi, jina la hakimu, hata benchi la mahakamani lenye mguu mmoja mfupi. Jina la ukoo likigoma, anasema jaribu la mume. Sharti lake lilikuwa moja tu, apewe jalada zima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisipungue kitu. Karani alisema moyoni kwamba wapo watu ambao umbea wa nusu hauwashibishi.

Siku moja uvumilivu ulimwishia, akavunja kanuni ya tangazo lake. Alimuuliza, mwenzake huyo anamtafutia nini.

"Kuna harusi," mama alijibu huku akitazama sakafu. "Posa imeshaletwa, lakini upande wa mwanamume wamesikia maneno. Nataka waone kwa macho yao huyo mwanamke ni mtu wa namna gani. Maneno ya barabarani hayatoshi."

Basi karani akaiona picha yote. Huyu alikuwa shangazi wa bwana harusi, bila shaka. Mashangazi hawakosekani katika mambo haya. Na mahali fulani nyuma ya mojawapo ya yale mageti palikuwa na binti anayechagua kitambaa cha gauni, hajui kwamba kosa la mama yake linatafutwa ili limfukuzie bahati.

Jambo hilo lilimchoma kwa sababu alilijua. Dada yake mwenyewe, kitinda mimba wao, alivunjiwa uchumba kwa karatasi iliyotoka katika masjala hii hii, karatasi ya kosa la baba yao ambalo marehemu alikwisha kulitumikia kifungo. Mpaka leo dada hupika, hufua, hucheka, lakini akialikwa harusini huumwa kichwa.

Hata hivyo alilitafuta jalada, maana kazi ni kazi. Vibarua waliohamisha vitu walikuwa wamepanga majalada kwa unene badala ya mwaka, na kesi ya wizi wa kuku ilikuwa imekumbatiana na talaka ya mfanyabiashara. Alipiga chafya, akapangua, akapanga. Akikaribia kumaliza rafu moja, bosi anamwita juu kumuuliza kwa nini foleni haisogei. Akirudi, anakuta msafishaji ameshachanganya tena. Na nje, nyuma ya mlango, yule mama amekaa tu.

Lilipatikana Ijumaa, siku ya kuharibu majalada yaliyoliwa na mchwa. Alikuwa akivuta lundo la karatasi zilizooza pale lilipomdondokea mguuni. Jina ndilo, kosa ndilo. Lilikuwa nene na zima, mchwa hawakuligusa hata pembeni.

Hakulifungua. Aibu ya mtu si ya kuchungulia, alijiambia. Na kwa kuwa hiyo ndiyo heshima pekee aliyoweza kumpa mwanamke asiyemjua, alimpa. Akageuka kutazama mlango, kisha akalichanganya na yale yaliyooza na kulisukuma kwenye mashine ya kukatia karatasi. Mashine ikalitafuna taratibu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi angeweza kuipoteza, lakini kifua kilikuwa chepesi kuliko siku zote za wiki ile.

Akanawa, akaenda dirishani. Mama aliinuka haraka, akasogea.

"Mama, nimetafuta kila pembe," karani alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole. "Jalada hilo halipo, wala halitapatikana tena. Na nakala nyingine hakuna popote. Mwacheni huyo mwanamke apumzike."

Alingoja matusi. Alikuwa ameyaandalia jibu, tena jibu zuri. Lakini mama alishika tu ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Katika ukurasa wa mwisho majaji wa rufaa waliandika kwamba sikuiba," alisema. "Sasa wakwe wa binti yangu nitawaonyesha nini, kaka yangu?"