Rezista ya Mama Vipuri

Fundi aliilaza amplifaya kifudifudi mezani, akafungua skrubu ya mwisho huku ameuma meno. Miezi saba haikuguswa. Hakutaka mtu aje kusema ushahidi umechezewa.

Mbele yake aliketi Mama Vipuri, aliyemuuzia rezista za kuiundia. Pembeni alikuwa mdogo wake fundi, mpiga gitaa, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake.

Miezi saba iliyopita mdogo mtu aliizima amplifaya, akaingiza mkono ndani kukaza waya uliolegea. Sasa, amplifaya hizi za taa za kioo zina hila: hata ukizizima, umeme mkali hubaki tumboni. Kuna rezista moja, kipuri kidogo chenye miguu miwili ya waya, ambayo kazi yake ni kuunyonya mpaka uishe. Siku ile haukunyonywa. Ulimrusha ukutani, na vidole havikushika gitaa tena.

"Kwa hiyo leo ni leo," alisema Mama Vipuri.

"Asemaye kesho mwongo," fundi alijibu.

Alikuwa amempaka mama wa watu matope soko zima. Hakuna fundi ambaye hakuambiwa kuwa anauza rezista feki. Wateja walihama mmoja mmoja, na duka la miaka ishirini likabaki na buibui.

"Rezista hizo nilizichagua mwenyewe," Mama Vipuri alisema. "Nilipima kila moja, nikaipasha moto, nikaipima tena. Iliyoyumba hata kidogo niliitupa. Na hiyo ya kunyonya umeme nilikupa nene kuliko uliyoomba, maana nyembamba huungua."

"Hata feki huwa nene, mama."

"Na nani alizichomelea?"

"Mimi! Kila mguu niliuyeyushia risasi ya kuunganishia kwa mkono huu. Mdogo wangu apigie chombo kilichochomelewa na mtu mwingine? Thubutu!"

Mama Vipuri alitoa funguo za duka kwenye pochi, akazishika. "Ikiwa imekufa, nafunga leo leo. Ikiwa nzima je?"

"Nitapita duka kwa duka nikikuomba radhi mbele ya watu."

"Kaka, tuache tu," mpiga gitaa alisema taratibu. "Mkono haurudi."

"Nyamaza wewe! Haki yako ndiyo ninayoipigania."

Fundi alichukua mita. Rezista ikiwa nzima, mita husoma namba. Ikiwa imekufa, haisomi kitu. Aligusisha ncha moja kwenye kichuma cha kushoto, nyingine kwenye kichuma cha kulia, pale miguu miwili ya ile rezista ya kunyonya umeme iliposhikiliwa. Wote watatu waliinama kutazama.

Mita haikusoma kitu.

Akafuta ncha kwa shati, akarudia. Wapi! Akarudia mara ya tatu. Hakuna.

"Umeona?" Fundi aliruka, machozi yanamlenga. "Umeona, mama? Maiti hii! Umemuuzia mdogo wangu maiti, halafu unakuja hapa na hadithi za kupasha moto!"

Mama Vipuri aliinama tena juu ya meza. Aliitazama ile mita. Kisha aliweka funguo mezani, akamgeukia mpiga gitaa.

"Nisamehe, mwanangu. Wallahi niliipima. Labda macho yangu yamechoka, sijui. Nisamehe."



"Msamaha autoe kwenye gitaa lipi?" fundi alifoka. "Hii naitundika mlangoni kwako, juu ya kufuli. Kila anayepita aione, ajue umetufanya nini."

Alichukua koleo. Aliukata mguu wa kulia, kat. Akaishika rezista kwa vidole, akaivuta kidogo apate nafasi ya kuukata wa kushoto.

Ukatoka wenyewe. Ulikuwa umepenyezwa tu kwenye tundu la kile kichuma, unang'aa kama siku ulipotoka dukani, hauna hata tone la risasi.